Kumweleza kifo mtu mwenye ulemavu wa akili na kumsaidia akifiwa: mwongozo kamili

Kuelewa kifo ni jambo moja, kuumizwa na kifo ni jambo jingine, na makosa mengi huanza pale mambo haya mawili yanapochanganywa. Mtu asiyeweza kuhesabu hadi kumi anaujua vizuri mkono unaomwogesha kila asubuhi, na siku mkono huo ukibadilika anatambua. Hangoji ajue maana ya neno "kifo" ndipo ahuzunike. Kwa hiyo swali "ataelewa kweli huyu?" lisitumike kuamua kama aambiwe. Litumike kuamua aambiwe namna gani.

Mwongozo huu ni wa ndugu, walezi na wahudumu wanaoishi au kufanya kazi na mtu mzima mwenye ulemavu wa akili. Haja yake imekua. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, mtu mwenye sindromu ya Down, hali ya kuzaliwa nayo inayoambatana na ulemavu wa akili, katika nchi tajiri alitarajiwa kuishi takriban miaka 25. Leo ni takriban 60. Zamani wazazi ndio waliowazika watoto hawa. Siku hizi, mara nyingi, mtoto ndiye anayebaki.

Pima kwanza anajua nini

Mwaka 1984 watafiti Mark Speece na Sandor Brent walieleza sehemu tatu za dhana ya kifo: kwamba hakirudi nyuma, kwamba mwili huacha kufanya kazi zake zote, na kwamba kitamfika kila kiumbe. Kwa kawaida huongezwa ya nne: kwamba kina sababu.

Sehemu hizi haziji zote kwa pamoja. Mtu anaweza kukwambia bila kusita kuwa babu hapumui tena, kisha akamwekea babu kiti jioni. Mwenye ulemavu mwepesi huenda akawa nazo zote nne. Mwenye ulemavu wa wastani mara nyingi ana vipande. Uzoefu nao una uzito wake. Aliyefichwa misiba yote ya ukoo hakupata pa kujifunzia, na pengo lake tunalisingizia akili wakati ni pengo la kutofundishwa.

Usipime kwa kuuliza "umeelewa?" Wengi wamezoea kuitikia "ndiyo" ili kumridhisha aliyeuliza. Pima kwa kitu kinachoonekana, siku isiyo ya msiba: ndege aliyekutwa amekufa uani, au picha mbili, ya ua bichi na ya ua lililokauka. Uliza: "Huyu ndege anaweza kula? Anasikia baridi? Kesho ataamka?" Baada ya dakika chache geuza swali: "Kesho bado atakuwa amekufa?" Akijibu ndiyo kwa "ataamka" na ndiyo kwa "bado atakuwa amekufa", umepata mazoea ya kuitikia tu; hujapata jibu. Dakika kumi zinatosha.

Kwa siku za mwanzo anahitaji sehemu mbili tu, kwamba marehemu harudi na kwamba mwili wake hausikii chochote. Ile ya "sote tutakufa" iache kwa sasa. Ni kweli, lakini siku ya msiba huzaa swali moja: nani anafuata?

Maneno: hapa Kiswahili kinatuponza

Heshima hutuzuia kutaja kifo waziwazi, na lugha yetu ina hazina kubwa ya maneno ya kukizunguka. Anayepokea neno kama lilivyo husikia hivi:

- "Amelala" au "amepumzika": basi ataamka. Na mimi nikilala, je? Wapo wanaogoma kupanda kitandani baada ya neno hili.
- "Ametutoka", "ametangulia", "ameenda": yuko safarini. Atarudi, au mimi nitamfuata.
- "Tumempoteza": twendeni tukamtafute.
- "Ameaga dunia": mbona mimi hakuniaga?
- "Mungu amemchukua": Mungu huchukua watu. Atamchukua nani tena?

"Amefariki" halidanganyi, ila kwa asiyelijua ni neno tupu lisilo na picha. Neno la kuanzia ni "amekufa". Wengi linawakaa vibaya mdomoni, linasikika kama la kumtajia mnyama, hasa likisemwa juu ya mzazi. Vumilia. Likishaeleweka, liunganishe na mengine: "Watu watakuja na kusema mama amefariki. Maana yake ni amekufa." Ukiliruka daraja hilo, atakaa katikati ya waombolezaji siku tatu bila kujua wanayemzungumzia ni mama yake.

Lakini "kufa" nalo lina mtego. Simu imekufa, gari limekufa, mguu umekufa ganzi. Simu hupelekwa kwa fundi ikarudi nzima. Ndiyo maana sentensi ya kwanza lazima ifuatwe na sentensi za mwili: "Mama amekufa. Mwili wake umeacha kufanya kazi. Hapumui. Hasikii maumivu. Madaktari hawawezi kumponya. Hatarudi." Na kwa miezi michache nyumba nzima ijizoeze kusema simu imeisha chaji, gari limeharibika. Hugharimu umakini, haigharimu kingine.

Imani ina nafasi yake, mradi ifuate mpangilio: kwanza mwili, kisha roho. "Mwili wa baba umezikwa. Sisi tunaamini roho yake iko kwa Mungu." Ukianza na "baba yuko mbinguni" umemtajia mahali, na swali linalofuata litakuwa tunaondoka saa ngapi.

Chunga pia sababu unayoitaja. "Alikuwa anaumwa" humfanya aogope kila kikohozi. Sema: "Alikuwa na ugonjwa mkubwa sana wa moyo. Si kama mafua. Ukipata mafua utapona." Usiseme "alikwenda hospitali akafa", kwani huenda siku ya yeye kutibiwa jino mkashindana mlangoni. Tena ongeza, hata kama hakuuliza: "Si kosa lako. Hukufanya kitu kilichomuua." Aliyegombana na mama yake Jumanne na mama akafa Alhamisi anaweza kuziunganisha siku hizo mbili kwa miaka, kimyakimya.

Kama kifo kinajulikana kinakuja

Irene Tuffrey-Wijne, mtafiti wa Uingereza aliyejikita katika eneo hili, anasisitiza kwamba habari mbaya kwa watu hawa hazitolewi kwa mkupuo mmoja. Hujengwa vipande vipande juu ya yale mtu anayoyajua tayari. Anza na anachokiona: "Siku hizi baba yuko kitandani." Ongeza kipande kidogo chenye maana leo: "Hawezi kutembea kwa sababu ni mgonjwa sana." Kikishakaa, ongeza kingine.

Kiasi cha mapema hutegemea anavyoushika muda. Anayefuata kalenda na kuhesabu siku aambiwe mapema, apate nafasi ya kuuliza na kuaga. Anayeishi katika leo na kesho tu, "miezi mitatu" kwake ni asubuhi ijayo au kamwe. Atateseka akingoja kila siku. Huyo mweleze mabadiliko kadiri yanavyoonekana. Wote wawili wapewe kazi ndogo ya kumhudumia mgonjwa: kushika kikombe, kumfunika shuka.

Wakati huohuo mzazi au mlezi mkuu aandike karatasi ya mambo yake, na kama hawezi kuandika aandikiwe. Anakunywaje, anaonyeshaje maumivu, sauti fulani ina maana gani, hutulizwa na wimbo upi, dawa zipi saa ngapi. Kurasa mbili zinatosha. Ujuzi huu mara nyingi uko ndani ya kichwa cha mtu mmoja, na mtu huyo ndiye anayekufa. Kama kuna jambo moja la kufanya wiki hii huku wote wakiwa wazima, ni karatasi hiyo.

Kumwambia: hatua kwa hatua

1. Chagua msemaji. Awe mtu anayeaminiwa na ambaye kesho atakuwepo. Kulia mbele yake si tatizo, humwonyesha kwamba kulia kunaruhusiwa. Kama unajua utaanguka, mwache mwingine aseme, wewe ukae kando yake.

2. Sema siku hiyohiyo, kabla hajasikia vilio au mazungumzo ya simu. Mchana ni afadhali kuliko usiku wa kwenda kulala. Kama ni usiku na nyumba tayari inalia, usingoje asubuhi.

3. Kaeni anapopazoea, ila si kitandani kwake; kitanda kibaki mahali salama. Zima televisheni. Miwani, kifaa cha kusikia na ubao wa picha viwe karibu. Shika picha ya marehemu.

4. Mtahadharishe kwa sentensi moja: "Nina habari ya kuhuzunisha."

5. Sema: "Mama amekufa." Nyamaza. Hesabu kimoyomoyo hadi kumi, polepole. Hapa ndipo wengi huharibu. Kimya kinawatisha, wanakijaza maneno, na sentensi ya kwanza inazama.

6. Toa sentensi za mwili zilizotajwa juu, moja moja, kwa maneno yaleyale.

7. Mwambie kinachofuata leo: "Leo utalala hapa. Shangazi atakuogesha. Kesho nitakuwa hapa." Akiuliza "nani ataniogesha?" kabla hajadondosha chozi, msimlaumu. Mama alikuwa ndiye mpangilio wa siku yake, na anauliza kuhusu mama kwa njia anayoijua.

8. Ondoka kwenye mada baada ya dakika tano hadi kumi. Jioni rudia sentensi zilezile.

Akicheka, akiomba televisheni, akirudia neno moja mara ishirini, yote ni majibu. Asihukumiwe kuwa hana uchungu.

Mazishi

Msimwache nyumbani kwa sababu tu "hivyo ni rahisi". Aulizwe, na aulizwe baada ya kuelezwa atakachokiona, kwa picha kama zipo: watu watakuwa wengi, wengine watalia kwa sauti, mwili utakuwa ndani ya jeneza, jeneza litaingizwa kaburini na kufunikwa udongo. Kama mwili utachomwa, sema kwanza, na rudia, kwamba aliyekufa hasikii moto. Anapoona uso tu, huweza kuuliza miguu ya mama iko wapi, au akisikia "mwili wa mama" akadhani kichwa hakimo. Mwambie: "Mama yote yumo, kuanzia kichwa hadi miguu."

Kuuona na kuugusa mwili huwasaidia wengi kuliko maelezo, maana ubaridi wa mkono hauhitaji tafsiri. Mwandae: "Atakuwa baridi. Hatafungua macho. Hatajibu." Ana ruhusa ya kukataa, na ana ruhusa ya kubadili nia akiwa mlangoni.

Mpe msindikizaji ambaye kazi yake siku hiyo ni huyo mtu pekee. Asiwe mtoto wa marehemu wala mume wa marehemu. Hao nao wamefiwa. Msindikizaji akae naye karibu na njia ya kutokea, awe na maji, nguo za kubadilisha na dawa za saa hizo, na ajue mapema watapumzikia wapi kelele zikizidi. Jambo dogo la kufanya, kama kubeba ua au kuchagua nguo ya kuzikia, humweka miongoni mwa wafiwa. Kama alishakosa mazishi, mpelekeni kaburini baadaye. Hata baada ya mwaka bado inafaa.

Huzuni yake inavyojitokeza, na inavyosomwa vibaya

Mwaka 1997 Sheila Hollins na Alexander Esterhuyzen walichapisha utafiti uliolinganisha watu wazima 50 wenye ulemavu wa akili waliofiwa na mzazi na wengine 50 ambao hawakufiwa. Waliofiwa walikuwa na matatizo zaidi ya hisia na tabia. Walezi, mara nyingi, hawakuyahusisha na msiba. Mtafiti wa huzuni Kenneth Doka alishaipa hali ya namna hii jina mwaka 1989: huzuni ambayo jamii haiitambui, basi mwenye nayo hapewi hata pole.

Huzuni hiyo mara nyingi huchelewa, na sababu ni rahisi kuliko wengi wanavyodhani. Ikiwa mama alizoea kusafiri wiki mbili, wiki mbili za kutokuwepo kwake ni jambo la kawaida. Ya tatu ndiyo inayoshangaza. Kwa mwingine mshtuko unakuja sikukuu ya kwanza, miezi minane baadaye, na kufikia hapo walezi wameshafunga ukurasa.

Angalia: kukosa usingizi, kukataa kula au kula bila kukoma, kujikojolea baada ya miaka mingi ya kuacha, kusimama getini saa ileile baba aliyokuwa akirudi, kumganda mlezi, kujigonga, kuvunja vitu, kupoteza stadi kama kuvaa au kusema maneno aliyokuwa nayo, kulalamikia maumivu pale pale alipoumwa marehemu.

Usitegemee kumbukumbu. Fungua daftari lenye safu tano: tarehe na saa, kilichotangulia, alichofanya, kilichofuata, saa alizolala. Mpime uzito kila wiki. Kupungua asilimia 5 ndani ya mwezi, yaani kilo 3 kwa mtu wa kilo 60, ni sababu ya kumwona daktari bila kusubiri. Daktari aangalie mwili kwanza: meno, masikio, choo kigumu, mkojo, madhara ya dawa. Kwa mwenye sindromu ya Down aliyepita miaka 40, akumbuke pia tezi ya shingo na dalili za mapema za Alzheimer, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Kosa lipo pande zote mbili. Kuna wanaosema "ndivyo alivyo, ni ulemavu wake", na kuna wanaosema "ni huzuni tu" huku jino limeoza.

Dawa za kutuliza hazitibu huzuni. Dawa ikiwa hatua ya kwanza ya mtu anayevunja sahani baada ya kufiwa, kuna swali ambalo halikuulizwa.

Halafu kuna hasara zinazofuatana na kifo. Mzazi akifa, ndani ya wiki mtu anaweza kupoteza pia nyumba, kitanda, majirani na kituo alichokuwa akishinda mchana. Kwa maoni yetu, uhamisho wa haraka huumiza karibu sawa na kifo chenyewe, na ndio ulio mikononi mwetu. Ucheleweshe kadiri inavyowezekana. Ukilazimika, hamisha kitanda chake, kikombe chake, blanketi bila kulifua, na ratiba yake ya saa kwa saa.

"Mama yuko wapi?"

Anaweza kuuliza mara thelathini kwa siku. Wa kwanza anamjibu, wa pili anamwambia "nimeshakwambia", wa tatu, kwa kuchoka, anamwambia atakuja kesho. Jibu la tatu linabomoa wiki nzima ya kazi. Andikeni sentensi moja kwenye kadi na wote waisome ilivyo: "Mama amekufa. Hatarudi. Unamkumbuka." Kisha mtoe kwenye maneno, umpeleke kwenye kitu: "Tuangalie picha yake." Kama kila kumkumbusha kifo humtia uchungu mpya kama wa siku ya kwanza, hasa kwa aliye na upotevu wa kumbukumbu, anza na hisia yake, "unamtaka mama", na utaje kifo pale tu anapouliza moja kwa moja.

Kwa picha na vitu, andaa sanduku la kumbukumbu lenye vitu vitano hadi kumi alivyochagua mwenyewe. Kitambaa chenye harufu ya marehemu kiwekwe kwenye mfuko wa plastiki unaofungwa vizuri, la sivyo harufu huisha upesi. Sanduku liwe mahali anapofika bila kuomba. Na chumba cha marehemu kisisafishwe akiwa hayupo. Akirudi akikuta kitupu, amefiwa mara ya pili.

Kwa asiyesema kabisa

Mwenye ulemavu mzito husoma harufu, sauti, mguso na saa. Mweleze vilevile, kwa sauti ya taratibu, kisha uache vitu vizungumze: kiti kitupu akiguse, nguo ainuse. Kama shela ya mama ilitumika kumwashiria kwamba mama anakuja kumwogesha, usimpe shela hiyo saa ya kuoga, utakuwa umemwahidi. Iwe ya wakati wa kumbukumbu, na kuoga kupewe ishara mpya, kwa mfano sponji. Mlezi mpya afuate mpangilio wa zamani wa mikono: kama mama alianza na miguu, aanze na miguu.

Lini kutafuta mtaalamu

Mara moja: akijiumiza, akiacha kunywa, au akisema anataka kufa. "Nataka kwenda kwa mama" inaweza kuwa nia ya kufa, na inaweza kuwa ombi la kupanda gari hadi nyumba ya zamani. Muulize atafikaje huko, na msikilize.

Huzuni kali isiyolegea inayovuruga maisha ya kila siku inaangaliwa pia kwa muda: mwongozo wa uainishaji wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, ICD-11, unataja angalau miezi 6, ule wa Marekani wa DSM-5-TR, uliotoka 2022, miezi 12 kwa watu wazima. Mshauri nasaha akisema hawezi kufanya kazi na asiyejua kusoma au kusema vizuri, tafuta mwingine; kazi hii hufanyika kwa picha, vitu, michoro na matembezi ya makaburini.

Akihamia makao mengine, hata baada ya miaka mitano, vitu vinne vimfuate: karatasi ya mambo yake, kadi ya ile sentensi moja, sanduku la kumbukumbu, na orodha ya tarehe ngumu za mwaka wake. Mhudumu mpya aioneshwe orodha hiyo kabla ya ile ya dawa.